Marehemu Alihudhuria

Usitazame kando. Umeshatazama kando mara moja na ninaikumbuka siku yenyewe, maana kukumbuka ndiyo kazi yangu na hakuna aliyenisomesha. Ilikuwa Jumamosi, Januari ya mwaka huu wa 1996, soko la Kariokor, upande wa viatu vya akala. Ulisimama kwenye kibanda ambamo wanaume wawili walikuwa wakikata gurudumu la lori kwa kisu kilicholoweshwa maji. Ukaonyesha jozi uliyoitaka. Yule mrefu akaipima mguuni mwako, akaona unakanyagia upande wa nje, akaanza kukueleza kwa mikono kwamba angekuongezea kipande kisiginoni ili goti lisikuchoshe. Maelezo yalikuwa mafupi na yalieleweka. Wewe ukatazama viatu. Halafu ukatazama saa. Ukaondoka na akala zako, na goti linakuuma mpaka leo.

Kwa mtu anayezungumza kwa mikono, anayetazama kando amemziba mdomo. Lishike hilo kwanza. Mengine yote yametoka hapo.

Yule mrefu aliitwa Makokha. Alikufa wiki mbili baadaye kwa ugonjwa wa mapafu, katika wodi ambamo muuguzi alimwita jina mara tatu kutoka mlangoni, na kwa kuwa hakuitika, faili lake likarudishwa chini ya mengine. Aliacha mke, Nakhumicha, kiziwi kama yeye, mshonaji wa mikanda ya ngozi katika soko hilohilo. Aliacha mtoto mmoja, Triza, mwenye miaka sita. Triza anasikia. Alijua kuomba uji kwa mikono kabla hajajua kuuomba kwa mdomo, na shuleni mwalimu humwambia aache kuchezea vidole.

Wanaishi Ukombozi, ile estate ya nyumba za chumba kimoja kimoja ukitoka Kariokor kwenda Mathare, sakafu nyekundu ya saruji, bomba moja kwa nyumba kumi na mbili.

Makokha alizikwa kwao upande wa Bungoma. Mchungaji Nahashon, ambaye kanisa lake liko nyuma ya estate, alisafiri na mwili, na pale kaburini akasema kwamba leo ndugu yetu anasikia, leo ulimi wake umefunguliwa, leo anaimba na malaika. Watu wakasema amina. Hakuna aliyemfikishia mjane maneno hayo isipokuwa Triza, aliyesimama mbele yake akamwambia kwa mikono. Nakhumicha alilitazama jeneza.

"Baba yako hatalikubali hilo," alimwambia mtoto.

Hakulikubali. Siku ya tisa baada ya maziko, saa kumi na mbili na nusu jioni, alipiga mguu chini mara mbili pale mlangoni, kama alivyozoea, ili mtetemo upite kwenye sakafu umfikie mkewe. Nakhumicha alikuwa akichambua mchele. Nyayo zake zikapata habari, akaenda kufungua. Mumewe alikuwa amevaa suti ya kuzikiwa, pana mabegani, na soksi bila viatu. Hakusema alikuja na basi gani. La kwanza alilolisema lilihusu soksi. Mtu aliyevisha nusu ya Eastlands viatu, wanamzika na soksi. Akavuta kipande cha gurudumu kutoka chini ya kitanda, akaomba kisu na maji, akajikatia akala kabla hajamsalimu mtu.

Toka siku hiyo akawa anakuja kila jioni. Chakula hakula, alipenda tu kukitazama. Mama Lorraine, jirani wa mlango wa pili, aliwaambia wenzake bombani kwamba baba Triza siku hizi anafika nyumbani mapema kuliko alipokuwa hai. Wenzake wakasema wangetamani na wa kwao wawe hivyo. Ndoo iliyofuata ikawekwa.

Alikuwa bado kiziwi. Hilo ndilo alilokuja kulisema. Alimweleza mkewe kwamba huko alikokwenda aliulizwa jina, akalitoa kwa mkono, aliyeuliza akaliandika, basi. Hakuna aliyemwombea apone. Mlangoni mwa huko, alisema, kuna taa. Mgeni akifika inawaka, anayesikia na asiyesikia wote wanaiona. Nakhumicha akamuuliza kama wanaosikia huko wanajua ishara. Makokha akacheka, mabega yakatikisika ndani ya ile suti. Wanajifunza, alisema. Wana muda.

Sasa nikupe mtu wa pili, na nakuambia mapema kwamba si mtu mbaya, usije ukapata nafuu ya kumchukia yeye peke yake. Opicho ni kaka mkubwa wa Makokha, karani wa ofisi moja mjini, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Kila Jumapili alimletea Triza mkate wa maziwa. Alikuwa na hofu moja iliyomkosesha usingizi: mtoto anayesikia akilelewa na bubu, naye atakuwa bubu. Alitaka amchukue ampeleke kwa nyanya yake Bungoma, akazungumze na watu.

Na Opicho huyu, walipokuwa wadogo, ndiye aliyekuwa mkalimani wa Makokha. Walikuwa na ishara zao kumi hivi za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za mama amekasirika. Makokha alimpa kaka yake jina: kuvuta ndewe ya sikio, kwa sababu mama yao alikuwa akimvuta Opicho hapo kila alipochelewa kurudi na maji. Kisha Makokha akapelekwa shule ya bweni ya viziwi, ambako mikono ilifungwa nyuma kwa kamba ya katani ili mdomo ujifunze. Shule yenyewe naijua jina, lakini zilikuwa nyingi, sitaki moja tu ione aibu. Siku nzima watoto walikaa mbele ya mshumaa wakiambiwa waupulize kwa kutamka herufi. Makokha alikaa miaka tisa. Alitoka na neno moja ambalo mtu wa nje angeweza kulielewa: papai. Miaka tisa, papai. Aliporudi, Opicho alikuwa na rafiki wa mjini, na ishara za nyumbani zikawa aibu.

Kwa desturi ya watu wao, siku ya kunyoa nywele baada ya maziko, mambo ya marehemu hutajwa hadharani kwa mdomo. Mwenye dai alitaje, asiyetaja asije kulalamika baadaye. Neno la mtoto liliahirishwa siku hiyo kwa sababu wazee wawili wa ukoo walikuwa kazini Nairobi. Kwa hiyo kikao kikafanyika Februari, Jumapili baada ya ibada, chumbani kwa Nakhumicha. Walikuwepo wazee wawili, Mchungaji Nahashon, Opicho na daftari lake la kuandika kumbukumbu, na mjane. Makokha naye alikuwepo. Jumapili huko huwaruhusu mapema.

Wazee walimpa mkono marehemu, wakasogea kidogo kwenye kochi ili apate nafasi. Mmoja alimuuliza kwa sauti kubwa sana kama huko mvua imenyesha.

Mchungaji pekee ndiye hakutulia. Alikuwa ametangaza jambo mbele ya watu mia tatu, na jambo lenyewe lilikuwa limekaa mbele yake na akala miguuni, halijabadilika.

"Ndugu Makokha," alisema polepole, akiinua midomo kama mtu anayelisha mtoto, "kama kweli umetoka kwa Bwana, sema neno moja tu kwa kinywa. Moja tu, tuamini."

Makokha alimsoma midomo akaelewa. Neno moja analo. Angeweza kulitoa pale, papai, na mchungaji angesema haleluya, na wazee wangemsikiliza mtu ambaye sasa ni mtu. Makokha akafunga mdomo, akakaza meno mpaka mfupa wa taya ukaonekana, akainua mikono.

Alisema hivi. Mtoto ni wangu na wa mama yake. Abaki na mama yake. Nimetoka kaburini kwa miguu kulisema hili, na wanaojua kutazama wametazama.

Nakhumicha naye akasema lake. Kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Triza kusoma ishara za mbingu ili aanue nguo kabla ya mvua. Kwamba Triza ana rafiki wanane hapo estate na anawapigia kelele kama mtoto mwingine yeyote, waulizeni majirani. Kwamba mume ameshazikwa, mtoto hamziki.

Katika chumba kile aliyejua lugha zote mbili alikuwa mmoja. Triza akasimama kati ya mama na wazee.

"Mama anasema," alianza.

"Triza," Opicho alisema kwa upole, "hiki ni kikao cha watu wazima. Enda nje ucheze."

Triza akatoka. Mlango ukafungwa. Makokha akamgeukia kaka yake akavuta ndewe ya sikio lake mwenyewe, mara moja, taratibu. Halafu akafanya ishara nyingine ya zamani, ya nyumbani, ambayo hata mkewe hakuijua: mkono ukipiga ubavu, kama mtu anayemwita ng'ombe aliyepotea arudi. Opicho aliielewa. Ilikuwa ni ishara ya rudi, niko peke yangu. Wino ulisimama kwenye kalamu. Akainua macho akaitazama kalenda ya ukutani, yenye picha ya twiga, na akaendelea kuitazama mpaka mikono ya marehemu ikashuka.

Daftari hilo nimeliona kwa macho yangu. Limeandikwa kwa mwandiko mzuri. *Mama wa mtoto alikuwepo. Hakuwa na la kusema. Marehemu alihudhuria. Hakutamka neno. Kikao kiliamua kwa kauli moja mtoto ahamie kwa nyanya yake shule zitakapofungwa.* Wazee wakatia sahihi. Ofisi ya chifu ikapiga muhuri. Karani wa hapo aliuliza kama mama ameelewa, akajibiwa kwamba mama ni bubu, akasema sawa.

Shule zilifungwa Aprili. Asubuhi ya Jumamosi Opicho alikuja na barua ya chifu na begi jipya la nguo za mtoto, la bluu, alilolinunua yeye mwenyewe. Alikuta mlango umefunguliwa wazi na watu kumi na wanne wamekaa kwenye kizingiti, kwenye ndoo, kwenye sakafu, kitandani. Wote walikuwa viziwi wa Kariokor na Kiamaiko, wakataji wa gurudumu, washonaji, wachunaji wa mbuzi waliokuja na magamubuti yao ya mpira. Karibu na mlango alikaa Kilonzo, yule mfupi wa pale kibandani, mtu wa mzaha. Triza alikuwa ndani, magotini mwa mama yake, akila chapati.

Opicho alisalimia. Wote walimtazama usoni kwa adabu. Alisoma barua. Walimtazama. Alieleza kwamba anampenda mtoto, na ni kweli. Walimtazama, hakuna aliyepepesa jicho kwenda kwenye kalenda. Alizungumza karibu saa nzima na hakuna aliyemkatiza. Triza alitaka kumfasiria baba mkubwa wake, maana alimhurumia. Mama yake akamshika mikono yote miwili kwa mapenzi ndani ya mkono wake mmoja. Halafu akakumbuka kamba ya katani, akaiachilia mikono ya mtoto haraka kana kwamba imemuunguza. Akamwambia mtoto kwa ishara: wewe si mlango wa watu wazima. Kula chapati yako. Triza akala.

Opicho alipomaliza, Nakhumicha alichukua daftari la shule la Triza, akaandika kwa herufi kubwa, polepole, akamgeuzia asome.

BWANA OPICHO ALIHUDHURIA. HAKUSEMA NENO.

Watu kumi na wanne wakainua mikono juu wakaitikisa, ndiyo makofi yao. Hakukuwa na sauti. Nguo za Mama Lorraine zilizokuwa zimeanikwa nje zilipeperuka zote upande mmoja, shuka mbili zikaanguka, akatoka akaziokota akasema leo kuna upepo kwa kina baba Triza.

Ukaja mjadala wa jina. Kilonzo alisema mtu huyu hana jina kwa mikono, apewe: kichwa kikigeukia ukutani, mtu wa kalenda. Alilifanya vizuri, tai na yote, wachunaji wa mbuzi wakashikilia mbavu. Makokha alikuwa ametokea nyuma yao, mchana kweupe, vumbi la safari kwenye suti. Akalikataa.

"Ana jina," aliwaambia. "Nilimpa mimi." Akavuta ndewe ya sikio.

Opicho aliliona jina lake. Mkono wake wa kulia ulitoka mfukoni, ukapanda, ukafika usawa wa kola. Ulibaki hapo kama mkono wa mtu anayetaka kuomba ruhusa darasani. Kisha akarekebisha tai, ambayo haikuwa na kasoro, akachukua begi la bluu akaondoka.

Agosti alirudi na askari wa utawala mmoja, kijana mwenye kofia mpya. Askari aliuliza ni nani anaongea hapa. Alisoma barua kwa sauti, akaambiwa kwa maandishi kwamba walioandikiwa hawajaisikia, wangependa kuletewa mkalimani, na watamngoja. Askari akakuna shingo. Alisema kwamba katika kazi yake hajafundishwa neno hilo. Alimsalimia Makokha, akasema pole kwa kufiwa, kisha akaona kwamba anayempa pole ni marehemu, akasahihisha, akampa pole mama Triza. Nyuma ya barua aliandika: *imesomwa, haikupokelewa.* Wakarudi.

Usidhani tumeshinda. Watu kumi na wanne walifunga mlango mmoja mara mbili, ni hilo tu. Kule ofisini faili bado linasema mama ni bubu. Mkalimani aliyeombwa Agosti hajatajwa popote. Mchungaji Nahashon bado anahubiri kwamba Makokha sasa anasikia, na Makokha huenda ibadani, akakaa benchi la nyuma, na kila yanapotajwa hayo huinua mkono kusema si kweli. Mashemasi hudhani ameguswa na Roho, humletea maji. Kule shule za bweni mshumaa unawashwa kesho saa mbili. Wodini kuna mtu anaitwa jina kutoka mlangoni sasa hivi unaposoma, mara ya pili, mara ya tatu.

Na barua ya tatu imeshatoka. Nakala yake iko mbele yangu. Ile ya Aprili ilisema mama aelezwe. Hii imeondoa sentensi hiyo. Inasema askari watatu, na mlango ukifungwa uvunjwe. Makokha amelala nje ya kizingiti siku tatu mfululizo, lakini kumpita ni rahisi: watu humruka kwa heshima, huomba radhi, huendelea. Nakhumicha ameliloweka gauni la shule la Triza, amelianika, amelipiga pasi, amelitundika msumarini kwa ajili ya muhula wa Januari. Bado liko hapo. Mtoto ameuliza mara moja tu kama kwa nyanya kuna mtu atakayemwelewa akizungumza kwa mikono usingizini. Hakuna.

Shule zinafungwa Ijumaa hii. Opicho atafika Jumamosi, saa nne asubuhi, na begi la bluu.

Wewe unasikia. Wewe wakikusomea barua watasema imepokelewa au imekataliwa, hawataandika kwamba hukuwa na la kusema. Basi njoo. Ukombozi, mlango wa tatu kutoka bombani, wenye gauni la shule linaloonekana ukiwa nje. Njoo saa tatu, usingoje saa nne. Simama mbele ya askari uwaambie kwa mdomo wako ulioachiwa huru maisha yako yote: mkalimani yuko wapi? Waulize mpaka waandike swali lako. Na kabla hujatoka kwako, jifunze maneno mawili, maana huko mlangoni hakuna atakayekushukuru ukija mikono mitupu. Jina la Triza ni vidole viwili shavuni, vikishuka, kama mtoto anayefuta uji. Na neno *hapa* ni kidole kikielekezwa chini, unaposimama.

Usitazame kando. Weka karatasi hii chini, sasa, inua mkono. Vidole viwili shavuni. Kidole chini.

Tena.